Kuni za Kuchemshia Bahari

Mangyshlak, Machi 12, 1974

Mama yangu, na wewe dada Shynar,

Natumai barua hii inawakuta wazima, kondoo wamezaa salama na theluji imeanza kulegea huko Sarybulak. Huku kwetu theluji si ya kujivunia. Tuna upepo tu, unatoka bahari ya Kaspi na chumvi yake, mtu ukilamba midomo unadhani umemaliza kula samaki.

Habari kubwa naitanguliza, nisije nikalaumiwa: Balzhan ana mimba. Daktari anasema Septemba. Mama, najua umeshasimama. Kaa chini kwanza umalize kusikiliza.

Mnauliza kazi yangu. Kazi ni nzuri. Niko kiwanda cha maji. Mji huu hauna mto wala kisima, kwa hiyo tunavuta maji ya bahari, tunayachemsha, na mvuke ukipoa unakuwa maji matamu. Watu wanakunywa, wanaoga, wanamwagilia. Hata miti ya barabarani kila mmoja una bomba lake miguuni, bila hivyo ungekufa kwa wiki moja. Basi mwambieni yeyote atakayeuliza kwamba mwanenu kazi yake ni kuwanywesha watu.

Balzhan anawasalimu. Ameanza kutamani vitu vichachu usiku na mchana.

Wenu,
Tolegen


Sarybulak, Aprili 3, 1974

Tolegen mwanangu,

Anayesema ni mama yako, anayeandika ni Shynar, na nimemwapisha aandike ninavyosema asirembe maneno. (Naandika unavyosema, Mama.)

Mungu ampe Balzhan nguvu. Nimelitoa susu ulilolelewa wewe, nimelifuta vumbi, na nimeanza kupiga sufu ya kutandika. Unajua kwa nini. Mtoto wa kwanza si wa aliyemzaa, ni wa bibi yake. Hivyo ndivyo tulivyokuta na hivyo ndivyo tutakavyoacha. Tena wewe ni kitinda mimba, ulipaswa ubaki na nyumba ya baba yako. Ukaondoka na sikusema neno. Sasa nasema: akitimiza siku arobaini nakuja kumchukua.

Jambo la pili. Kabden yuko nyumbani kwa mapumziko. Unamjua, dereva wa malori ya mafuta huko kwenu, hawezi kunyamaza hata akiwa amelala. Amekaa hapa akamaliza birika zima. Nikamuuliza, "Kiwanda cha Tolegen umekiona?"

Akasema, "Nimeona uzio wake, mama. Seng'enge, askari, na uzio mwingine ndani ya uzio."

"Kwa ajili ya maji?"

"Ndivyo wanavyosema."

"Na moshi je? Mwingi?"

Akakuna kichwa. "Hapo mwanao anapofanya kazi, mama, moshi sikuona."

Tolegen, mimi nimechemsha maji maisha yangu yote. Birika moja linataka kapu la samadi kavu. Bahari nzima inataka kuni gani, isitoe hata moshi? Nijibu hilo, na usinijibu kwa mzaha.

Nakutumia kifurushi: madonge ya kurti, maziwa ya mgando niliyoyakausha mwenyewe juu ya paa, na siagi imeshindiliwa ndani ya tumbo la kondoo. Anayetamani vichachu na ale kurti, mate yatamtulia.

Mama yako

Mama ametoka kutazama ndama, naongeza yangu. Jumapili ardhi imetikisika tena kutoka upande wa milima ya Degelen, wanakolipua mabomu chini ya ardhi. Vikombe vimelia kabatini, na plasta ya darasa langu imepasuka mpaka dirishani. Tumezoea. Ila Mama anaanza kutokwa na damu puani na hataki niandike, basi jifanye hujasoma.
Shynar


Mangyshlak, Mei 6, 1974

Mama mpendwa, dada mpendwa,

Tunachemshia gesi. Mangyshlak ina gesi nyingi chini ya ardhi, na gesi nzuri haitoi moshi. Kabden ni dereva, anajua gurudumu.

Mama, kuhusu mtoto, usinikasirikie. Madaktari wa hapa wanataka kumwona kila mwezi, na Balzhan ni mwembamba. Tumeamua azaliwe hapa na alelewe hapa. Utakuja wewe, utakaa nasi unavyotaka.

Kifurushi kilifika. Asanteni, lakini naomba msitume tena chakula. Tunacho kingi. Tafadhali, msitume.

Shynar, nijibu wewe mwenyewe haya: ng'ombe wetu siku hizi wanalishwa wapi? Bado mnawapeleka kando ya ziwa jipya, lile lililopatikana walipolipua ardhi? Maji ya kunywa ni ya chemchemi au ya ziwa? Na maziwa ya watoto wa shule yanatoka kwa nani? Nauliza tu.

Tolegen


Mangyshlak, Mei 21, 1974

Wifi yangu Shynar,

Hatujaonana ila siku ya harusi, na siku ile nilikuwa nimefunikwa uso, kwa hiyo nisamehe nikikuandikia kama tuliozoeana. Sina wa kumuuliza. Watu wangu wako Fort, ule mji wa pwani, na nikimwandikia mama yangu atakuja na mikono kiunoni.

Kifurushi chenu kilifika nikiwa zahanati. Jirani alikipokea, akasema kilinukia mpaka kwenye ngazi. Nilipanda orofa zote nameza mate kwa uchu. Nikakuta meza tupu. Nikamuuliza Tolegen, "Kiko wapi?" Akasema siagi ilikuwa imeharibika. "Na kurti?" Kurti nayo imeharibika. Wifi, mimi ni binti wa Waadai, wafugaji wa jangwa hili, tangu lini kurti ikaharibika? Kurti unaweza kumzika nayo babu ukafukua ukala.

Siku ya pili nikamwona anatoka na mfuko chini ya koti. Nikamwita dirishani, hakugeuka. Amerudi mikono mitupu, hakunitazama.

Kuna mwanamke. Niambie kweli. Huko kwenu alikuwa na mchumba ambaye sasa yuko huku? Mtu anayempelekea mwanamke mwingine kurti ya mama yake, huyo si wa kupita, huyo ni wa moyoni. Usiku haongei. Nikimpa chai anaitazama kwanza kabla hajanywa, kama aliyewekewa sumu. Na kazini kwake hanifikishi hata getini.

Usimwambie nimekuandikia.

Balzhan


Sarybulak, Juni 15, 1974

Tolegen,

Barua yako ya Mei nilimsomea Mama yote isipokuwa pale pa kutotuma chakula. Alikuwa ananitazama mdomo. Akasema, "Umeruka. Rudi." Nikarudi nikasoma. Akasema, "Mkewe ananidharau. Ananiona nanuka kondoo." Nikamwambia si hivyo. Lakini nikijiuliza kama ni hivyo au sivyo, sijui. Mke wako anadhani kifurushi umempelekea mwanamke. Ndiyo, ameniandikia, na ukimgombeza kwa hilo tutakosana mimi na wewe. Basi Mama anamshuku mkeo, mkeo anakushuku wewe, na wewe unaonekana unawashuku ng'ombe wetu.

Sasa sikiliza kilichotokea juzi. Mwenyekiti wa shamba la ushirika alikuja mwenyewe, kofia mkononi, gazeti la Alma-Ata kwapani. "Hongera, mama! Mwanao yuko gazetini!" Kweli, ni wewe. Watu wanane wamevaa majoho meupe na kofia nyeupe, mimi nilidhani ni wapishi wa hospitali. Mama akauliza maneno ya chini yanasemaje. Mwenyekiti akasoma kwa sauti ya mkutano: vijana wanaoitumikisha atomu ya amani kwa umeme na maji ya wananchi.

"Atomu?" Mama akauliza.

"Ya amani, mama."

"Na ile iliyomzika mume wangu ilikuwa ya vita? Vita na nani? Na kondoo?"

Mwenyekiti alivaa kofia yake akaondoka chai ikiwa bado ya moto. Naandika haya waziwazi. Anayefungua barua na afungue, yameshasemwa mbele ya mwenyekiti.

Umetuambia gesi. Umemwambia hivyo mama yako mzazi. Mtu aliyekula kiapo cha kunyamaza ananyamaza, simlaumu. Wewe hukunyamaza, ulidanganya. Na maswali yale kuhusu ziwa, nani alikutuma uyaulize? Kila mwaka madaktari wa mjini wanakuja na magari yaliyofungwa, wanatupima damu, wanaandika, wanaondoka, na jibu hatupati. Maswali yao yanafanana na yako neno kwa neno.

Shynar


Mangyshlak, Julai 9, 1974
Kwa mkono wa Kabden. Ukimaliza kusoma, choma.

Dada yangu,

Hakuna aliyenituma. Umenichoma, lakini umenichoma ninapostahili.

Ni kinu cha atomu. Nilisaini karatasi ya kunyamaza siku ya kwanza, nikaona gesi ni neno jepesi la kumwambia Mama, tena gesi kweli ipo, kuna mitambo ya gesi jirani yetu. Nilidanganya kwa sababu nilijua atasema maneno yaleyale aliyomwambia mwenyekiti, na sikuwa na jibu.

Nikueleze kama unavyowaeleza wanafunzi wako. Kuna madini, urani. Kiini cha chembe yake kikigongwa kinapasuka vipande viwili, na kwa kupasuka kinatoa joto na vigongeo vingine vinavyokwenda kupasua viini vya jirani. Hivyo hivyo, kimoja kinaamsha kingine. Joto hilo linabebwa na madini laini yaliyoyeyuka, linachemsha maji, mvuke unazungusha mitambo ya umeme, na mvuke uleule ukishachoka unaenda kuchemsha bahari. Ndiyo maana hakuna moshi. Sisi kazi yetu ni kukaa mbele ya saa za vipimo na taa, kuuzuia moto huo usipande wala usishuke.

Sitakwambia kwamba ni kitu tofauti na kile cha Degelen. Ni ukoo mmoja. Kule farasi aliachiwa ndani ya hema huku mkia wake unawaka. Hapa amefungwa hatamu, na usiku na mchana kuna mtu ameishika. Mimi ni mmoja wa walioishika, na Shynar, kazi hii naipenda. Nikifungua bomba la maji nyumbani kwa mtu nisiyemjua nasikia fahari. Sijui kama unaweza kunielewa katika hilo.

Lakini nilipofundishwa, nilifundishwa pia yale yanayobaki baada ya moto. Kuna vumbi linaloingia kwenye nyasi, nyasi kwenye maziwa, maziwa kwenye mifupa. Mwalimu alikuwa anachora ubaoni: wingu, nyasi, ng'ombe, mtoto. Wenzangu waliandika. Mimi nilikuwa naona bonde letu mwaka ule wa hamsini na tatu walipolipua bomu kubwa, askari wanatuambia tulale kwenye korongo tujifunike mablanketi ya sufu, na Baba anasema hawezi kuwaacha kondoo. Unakumbuka alivyorudi jioni, anacheka, nywele zimejaa vumbi, na Mama akampa bakuli la maziwa.

Kifurushi kilipofika sikukipeleka kwa mwanamke. Nilikipeleka kwa rafiki yangu wa maabara. Tuliichoma kurti ikawa majivu, tukayapima mionzi, halafu tukafanya vivyo hivyo kwa kurti ya soko la hapa. Ya kwetu ilizidi, tena ilizidi mara kadhaa. Si sumu ya kumwua mtu leo wala kesho. Lakini ndani yake kuna kitu ambacho Mungu hakukiweka kwenye nyasi.

Ningewezaje kumpa Balzhan? Na ningewezaje kumwambia Mama?

Hamieni huku. Wewe utapata shule, Mama atapata mjukuu. Usimwambie Mama habari za kurti.

Tolegen


Sarybulak, Agosti 20, 1974
Kwa mkono wa Kabden

Tolegen,

Nimeichoma barua yako, lakini kwanza nimeisoma mpaka nimeihifadhi. Halafu nimekaa najiuliza kama kweli umeiandika wewe. Mwandiko ni wako. Kabden anaapa umempa mkononi. Bado najiuliza. Hapo ndipo mlipotufikisha.

Sasa jibu langu. Unaniambia moto wako ni salama na maziwa ya mama yangu ndiyo yenye sumu. Nani amepima? Wewe. Kwa mashine ya nani? Ya kiwanda chako. Mzani unaoshikwa na mwenye duka, ndugu yangu, lini uliwahi kumpunja mwenye duka? Na yale majivu, ungeyakuta safi ungeniandikia? Umeshawahi kuyapima maji yako mwenyewe, yale unayowanywesha watu kwa fahari, au hayo hayapimwi kwa kuwa yana hatamu? Farasi mwenye hatamu naye humtupa mtu.

Unasema "si sumu ya leo wala kesho". Nimezika wawili, Tolegen. Wa kwanza alikaa wiki, wa pili hakulia kabisa. Ulikuwa jeshini, tulikuandikia kwamba ni homa. Mume wangu akaondoka akasema tumbo langu lina laana. Miaka yote hii nimeishi nikifikiri ama yeye ni mjinga ama ana haki. Leo unanitumia habari kwamba huenda ni kurti. Ni ile niliyokula kwa mikono miwili nikiwa mjamzito, kwa sababu Mama alisema inatia nguvu. Unataka nifanye nini na habari hiyo? Niipeleke wapi?

Kuhama sihami. Nina watoto arobaini darasani, nao wanakunywa maziwa hayohayo. Umewaandalia chumba?

Mama sijamwambia la kurti. Lakini huwezi kumzuia kwa hilo jingine. Tangu gazeti lije hajalala. Anasema, "Atomu ilinichukulia mume, haitanichukulia mjukuu." Jana amepanda treni. Amebeba susu, amebeba mtungi wa maji ya chemchemi yetu ya kumwogesha mtoto siku ya arobaini, na amesema maji ya kiwanda chako hatayatia mdomoni. Nimemfunga mtungi kwa kamba mara mbili. Barua hii na yeye, sijui nani atatangulia.

Shynar


Mangyshlak, Novemba 14, 1974

Wifi yangu Shynar,

Mama mwenyewe ndiye anayekuletea barua hii. Ameishona ndani ya koti na hajui kwamba imemtaja kila mstari. Nakuandikia yote, kwa sababu najua yeye hatakusimulia.

Amekuja na tukakaa vizuri kwa ubaya, kama wasemavyo. Wiki nzima alikunywa maziwa ya dukani tu ili asiguse maji ya bomba. Mwishowe kiu ikamshinda akaanza kunywa chai, lakini akisema, "Hii ni chai, si maji." Mtoto akazaliwa Septemba 27, wa kiume, mzito, mwenye sauti. Mama alimhesabu vidole mara nne. Alimpa jina Amanat, akasema, "Ni amana, tusigombanie."

Lakini tuligombana. Siku ya arobaini nikaandaa bakuli, sarafu za fedha, vijiko arobaini vya maji, na majirani wakaja. Mama akafungua mtungi wake. Tolegen akasimama. "Mama, si hayo."

"Haya ni maji ya chemchemi ya baba yako."

"Najua. Tumia ya bomba."

"Nimwogeshe mtoto kwa maji yaliyochemshwa na kitu kile? Wewe una akili?"

"Mama, nakuomba. Sijui kuna nini ndani ya hayo."

"Hujui! Maji uliyokulia!"

Na hapo, wifi, mbele ya wanawake sita, Tolegen akapasuka. Akasema yote. Kurti, majivu, nyasi, ziwa, mifupa. Akasema, "Mimi nawaogopa ng'ombe wenu kuliko ninavyoogopa kinu changu!" Majirani wakachukua viatu vyao mmoja mmoja.

Mama aliufunga mtungi, akauweka mlangoni. Akauliza swali moja tu, polepole: "Na maziwa niliyompa Shynar?" Tolegen akatazama chini.

Tangu siku ile hakumshika mtoto. Akilia, Mama anasimama mbali ananiita. Akawa ananawa mikono, ananawa tena, mpaka ngozi ikapasuka. Nikamwambia Tolegen, "Umemfanya nini mama yako?" Akaenda akaazima kazini kile kidude cha kupimia, kwa siri, akakileta nyumbani chini ya shati. Akapima mikono yake mwenyewe, akampima mtoto, akampima Mama. "Unasikia? Kinatoa mlio uleule kwa wote. Wewe huna ubaya, Mama. Mikono haina ubaya."

Mama akasema, "Mashine yako inakupenda. Itasema unachotaka."

Basi nami nikachoka na mashine. Nikamtwaa Amanat, analia kama tarumbeta, nikamlaza mapajani mwa Mama, nikavaa koti. Mama akainua mikono juu kama aliyetekwa. "Balzhan! Mchukue!"

"Naenda kupanga foleni ya nyama, Mama."

"Mikono hii?"

"Kuna mingine?"

Nikatoka. Nilisimama kwenye ngazi, sikwenda popote. Alilia sana mtoto, halafu akaanza kulia Mama, halafu mtoto akanyamaza. Niliporudi alikuwa anamwimbia.

Tulimwogesha kwa maji ya bomba, Mama akimimina kijiko kwa kijiko. Na usiku ule akamwambia Tolegen, "Mtoto namwacha hapa. Sijasema moto wako ni mzuri. Nimesema namwacha. Sasa nifundishe ile habari ya nyasi na ng'ombe, taratibu, mpaka niijue." Tolegen akaogopa, akasema hawezi kuiandika, watamfunga. Mama akacheka kwa mara ya kwanza. "Uandike nini? Mimi nasoma? Watanipekua begi, kichwa hawatakipekua."

Siku tatu walikaa jikoni, yeye anasema, Mama anarudia. Kesho anaondoka na Kabden. Nilimsihi abaki. Akasema, "Nikibaki nitakuwa nimewaacha wenzangu wanywe."

Na mwanamke niliyekuwa namtafuta, wifi, alikuwa donge la kurti. Tumecheka, lakini nilimtupia kiatu.

Balzhan


Sarybulak, Mei 17, 1975
Kwa mkono wa Kabden

Tolegen,

Sikukuandikia majira yote ya baridi kwa sababu sikuwa na neno zuri, na baya nilishakuandikia.

Mama alifika na jambo la kwanza alilofanya ni kunishika uso kwa mikono miwili. Nami sikuuliza. Tuliishi hivyo mpaka usiku mmoja akasema, "Halikuwa tumbo lako, mwanangu." Ni hayo tu. Nililia mpaka asubuhi, na asubuhi nikaenda kufundisha.

Miezi yote hiyo alizunguka nyumba kwa nyumba na habari yake ya nyasi. Anaianza vilevile kila mara: "Wingu lilipita, likashuka kwenye nyasi." Wengine walimcheka. Mke wa Kabden alimwambia mbele ya watu, "Mwanao anakula mkate wa atomu, leo atomu imekuwa haramu kwa ng'ombe wetu tu?" Mama akamjibu, "Nami nilisema hivyohivyo. Nilipanda treni siku nne kwenda kusema hivyohivyo." Wengine walinong'ona kwamba umetumwa wewe, ili tuhame watuchukulie malisho. Sitakuficha, hata mimi siku nyingine nililiwaza hilo.

Theluji ilipokwisha, siku ya kuwatoa ng'ombe, Mama alitangulia. Kwenye njia panda, badala ya kushuka ziwani, akawageuza wetu kwenda vilima vya mashariki, ambako nyasi ni haba na ni mwendo wa nusu siku. Hakutazama nyuma. Walimfuata wa nyumba tatu. Wiki iliyofuata nyumba tisa, na mke wa Kabden akiwa wa tisa, amenuna.

Wakaja kutoka wilayani. Walipekua nyumba yetu, wakafungua hata sufu ya magodoro. Barua hazikuwepo, jiko lilishazila. Wakawakusanya wanawake mbele ya ofisi ya ushirika. Afisa akauliza, "Nani amewaambia ziwa lina ubaya?"

Mama akajibu: "Ng'ombe."

"Ng'ombe gani?"

"Wangu. Ukimpeleka anakataa. Muulize."

"Na wangu pia anakataa," akasema mke wa Kabden. Na mwingine nyuma yake, na mwingine. Afisa alisimama na kalamu yake, hakujua aandike nini. Wameondoka. Watarudi, najua, na Mama anajua. Maziwa ya shule sasa yanatoka kwa wale wa mashariki. Ni kidogo, nusu kikombe kwa mtoto.

Nimesikia kutoka kwa Kabden kwamba kidude ulichoazima kilijulikana, na kwamba umetolewa kwenye chumba cha saa na taa, umewekwa bohari. Hukutuambia. Najua ulivyoipenda kazi ile. Pole, ndugu yangu. Nasema pole hiyo nikiwa sijui kama nisikitike au nifurahi umekaa mbali na kitu kile, na nimechagua kusikitika.

Mama anamsalimu Amanat na kuuliza ana meno mangapi.

Bado siuamini moto wako. Lakini ng'ombe nimemhamisha.

Shynar